Mtu Asiyepaswa Kushtuka

Nilipokuwa mzima nilijua habari za watu ambao sikuwahi hata kuwaona. Ukikaa juu ya magunia ya kahawa kutoka Omurushaka hadi Kyaka, au ukilala stendi ya Nyakanazi ukingoja lori la kwenda Kahama, unasikia kila kitu: nani ameoa, nani amekimbia mkopo, mto umekula daraja gani. Miaka zaidi ya ishirini niliishi hivyo. Nimekuwa utingo, nimechuuza dagaa, nimebeba mizigo pale Murongo mpakani, nimekuwa kibarua machimboni Geita. Sikukaa mahali popote mpaka majirani wakanizoea. Halafu nikarudi Karagwe na uso uliovimba na miguu inayobonyea ikiguswa kwa kidole, na baada ya miezi michache nikawa mtu asiyejua hata ng'ombe wa dada yake amekwenda wapi.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka kumi hivi, na ni mjane. Anaishi Kihanga kwenye kibanja alichoachiwa na mumewe, migomba mbele ya nyumba na nyuma, na mibuni katikati ya migomba. Kwetu hasa ni Mabira, kule Kyerwa, lakini kutoka Mabira kwenda hospitali ni kazi, sehemu nyingine njia yenyewe ni ya miguu tu. Ukoo ukakaa, ukaamua nikae kwa dada. Mimi sikuulizwa. Mgonjwa haulizwi.

Siku tuliyoambiwa ugonjwa wenyewe, dada alikuwa ameketi pembeni yangu na mkoba wake magotini kama mtu aliye kwenye basi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenyeji wa Muleba, mpole. Alianza kwa kuniuliza kama najua yowe. Nilicheka. Mtu wa Karagwe anaulizwa kama anajua yowe? Nyumbani tunaliita enduru. Mwizi akiingia zizini, mwenye nyumba anapiga enduru, jirani anaipokea, na jirani wa jirani, mpaka kilima cha pili wanaume wanatoka na marungu bila kujua wanakwenda kumpiga nani. Asiyetoka anakuja kuulizwa alikuwa wapi.

"Basi figo zako zina makovu," daktari akasema. "Damu inapita humo kwa shida. Figo haijui kwamba shida iko kwake. Inadhani mwili mzima umeishiwa damu. Inapiga yowe."

Akaeleza kwamba yowe hilo linapanda kwa neva, zile zinazofanya kazi bila kuagizwa, ambazo mbwa akikurukia ndizo zinazokupa mbio kabla hujafikiri. Linafika kwenye ubongo, na ubongo hautumi mtu kwenda kuhakikisha. Unalipokea na kulipeleka mbele. Moyo ukimbie, mishipa ijikaze, chumvi na maji visitoke. Presha inapanda. Na presha ikipanda ndiyo inayozidi kuzichubua figo, nazo zinapiga yowe upya. Alizungusha kidole mezani, duara juu ya duara, mpaka nikaomba aache.

"Mwizi hayupo," akasema, "lakini kijiji chako chote kiko nje na marungu, na hakilali."

Nikamuuliza nani atakiambia kirudi nyumbani. Akanionyesha vidonge. Vingine ni vya kulegeza mishipa, vingine vya kutoa chumvi na maji, na vingine vidogo vyeupe ni vya kuzituliza hizo neva zenyewe. Hivyo vyeupe alinionya nisiviache ghafla hata siku moja, kwa sababu neva zikiachiwa zinarudi na hasira kuliko za mwanzo. Mpaka hapo nilikuwa nimeelewa kila kitu, na kwa namna ya ajabu nilikuwa nimefarijika, maana kwa muda mrefu nilidhani ni woga wangu mwenyewe. Kuamka asubuhi moyo ukidunda na hakuna kilichotokea. Mikono baridi juani. Kukaa kwenye kiti kizuri, umeshiba, hudaiwi, na mwili wote umejikunja kama wa mtu anayesubiri kupigwa.

Kisha daktari akamgeukia dada. "Mama, mwili wa huyu uko kwenye hofu saa zote. Nyumbani msimwongezee hofu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifunga. Nadhani alimaanisha wasinigombeze, wasinipe kazi za kukimbizana, waniache nipate usingizi. Dada alisikia jambo jingine, na simlaumu, kwa kuwa hata mimi ningelisikia hivyo hivyo. Kwetu presha ni ugonjwa wa habari. Kila mtu anamjua mama fulani aliyeambiwa mwanawe amepata ajali akaanguka palepale mlangoni, au mzee fulani aliyesikia shamba limeuzwa akapooza mdomo. Habari inaingia sikioni na kukata mshipa. Kwa hiyo dada alitoka hospitali siku hiyo na mfuko wa dawa mkono mmoja, na sheria mkono wa pili: mdogo wake hataambiwa kitu.

Alianza na redio. Redio yetu ya huku asubuhi inasoma matangazo ya vifo, jina la marehemu, jina la kijiji, maziko saa ngapi, na orodha ndefu ya ndugu popote walipo wapate kusikia. Nilizoea kuyasikiliza hata nikiwa Geita, kuna wimbi lilikuwa linafika vizuri alfajiri. Ikifika saa hiyo, dada alikuwa anapita na kuizima, anasema betri zinakwisha. Baadaye betri zikaisha kweli na hazikununuliwa nyingine. Simu yangu ilianza kuzima yenyewe, akaipeleka kwa fundi kule Kayanga, na fundi huyo mpaka leo hajamaliza. Wageni walipokuja kuniona aliwapokea uwanjani, akawanong'oneza, halafu wakaingia na nyuso za watu waliokwishaonywa. Tulizungumza mvua. Tuliongea mvua mpaka na mawingu yenyewe yakaisha.

Mbaya zaidi ilikuwa kunyamaza. Nikitoka chumbani, mazungumzo ya jikoni yanakatika. Nikiingia jikoni, mtu anaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Siku moja niliamua kwenda Omurushaka, kukaa tu pale njia panda nitazame malori. Nikatembea polepole hadi kijiwe cha bodaboda. Vijana wanne, pikipiki nne, na hakuna aliyewasha. Wa kwanza akasema hana mafuta. Wa pili akasema mnyororo. Wa tatu akacheka, akaniambia ukweli: "Mzee, dada alishapita hapa. Amesema ukipakiwa na mtu, atakayekupakia ndiye atakayekuzika."

Nilirudi kwa miguu. Mimi, niliyewahi kuvuka mpaka nikiwa nimelala juu ya magunia ya maharage, nilikuwa nimezuiwa na dada yangu umbali wa kutupa jiwe. Nilifika nyumbani moyo unakimbia, na sijui ulikuwa unamkimbia nani. Dada akaniangalia usoni, akaleta maji na kidonge, akasema, "Unaona? Nilijua ungechoka."

Mtu mmoja tu alikataa sheria hiyo. Alikuwa jirani yetu, mjane mwanamume wa karibu miaka sitini, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya migomba yetu. Maisha yake yote alikamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, na watu waliokuwa na harusi walikuwa wanamfuata kutoka hata Kimuli. Naye alikuwa na figo kama zangu, ila zake zilitangulia. Tulikutana foleni ya kliniki, tukagundua kwamba tunatoka kichochoro kimoja. Nilimpa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, shemeji."

Nikamuuliza ushemeji umetoka wapi. Akasema hajaniambia umetoka, umo njiani unakuja. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja barazani kwetu kila alasiri na fimbo yake, na kila alipopita karibu na jiko alipaza sauti kumuuliza dada lini atapokea ndizi za posa.

"Posa ya mtu asiyeonja chumvi?" dada alimjibu siku moja. "Nitakupikia nini?"

"Nipikie hivyo hivyo. Uso wako una chumvi ya kutosha."

Dada alimfukuza na mwiko, lakini nilimwona amekwenda kuchekea nyuma ya nyumba. Kuanzia hapo alasiri alikuwa anabadilisha kitambaa cha kichwa. Kwa watu wa umri wao, na wote wawili walishazika wenzao, jambo kama hilo hukua taratibu na halitaki mtu wa kulitaja.

Kwangu alikuwa ndiye redio. Alikaa, akapumua kidogo, akanipa punje moja ya kahawa ya kutafuna kutoka mfukoni, moja tu, niishikilie mdomoni kwa ajili ya harufu, maana sote tulishaambiwa tupunguze. Halafu akaanza. Ng'ombe wa dada hakupelekwa kwa jamaa kupandwa kama nilivyoambiwa. Alikufa, alivimba tumbo. Mpwa wangu mmoja ameshindwa mtihani. Kule Mabira watu wawili wanagombana kwa mpaka na mmojawao ni binamu yangu. Alinisimulia yote kwa sauti ya chini, jicho moja likiangalia jikoni, na mimi nikasikia mabega yangu yanashuka. Si kwamba habari zilikuwa nzuri. Lakini ng'ombe aliyekufa, ukishajua amekufa, umekwisha naye. Ng'ombe ambaye kila mtu anakataa kumtaja anakukanyaga kifuani siku nzima.

Tulizoea kuzitania figo zetu. Alisema zake ni kama mke wa kwanza wa baba yake, alikuwa anapiga enduru akiona paka. "Na wewe zako," akaniambia, "zimezoea safari. Zinadhani umezificha humu ndani kwa sababu umeiba kitu."

Kisha akaanza kuvimba zaidi. Kichefuchefu, usingizi mchana, pumzi fupi. Hospitali wakasema damu yake inahitaji kusafishwa kwa mashine, na watoto wake wakamchukua kwenda Mwanza. Siku ya kuondoka gari lilisimama kwetu. Hakushuka. Alitoa mkono dirishani, dada akaupokea kwa mikono yote miwili, akakaa nao muda mrefu hata dereva akajifanya anatazama matairi. Mimi akaniambia, "Shemeji, ukisikia lolote, ujue ni uongo mpaka nije nikuambie mwenyewe."

Baada ya hapo nyumba ikanyamaza kabisa. Nilipomuuliza dada habari zake, alijibu, "Anaendelea vizuri." Nilipouliza kama ameanza mashine, "Anaendelea vizuri." Nilipouliza kama atarudi kabla ya msimu wa kahawa, alinyanyuka akasema kuna kuku kwenye mahindi. Hatukuwa na mahindi.

Nadhani kila mtu anayeishi huku ameshawahi kuamshwa na majembe. Kabla jua halijapanda unasikia tap, tap, kwenye vibanja pande zote, na mtu akikohoa, na mama akimwita mtoto. Asubuhi ninayoisema niliamka na sikusikia kitu. Nilikaa kitandani nikasubiri. Ndege walikuwepo. Jogoo alikuwepo. Jembe hapana, hata moja.

Hapa kwetu mtu akifa kijijini hakuna anayelima mpaka azikwe. Hilo halihitaji kutangazwa wala kuandikwa. Nilijua basi kwamba kuna msiba, na kwamba uko karibu, kwa sababu wa mbali usingenyamazisha majirani zetu wote. Nikatoka nje. Dada alikuwa ameshavaa kitenge kipya juu ya kingine, amefunga kichwa kwa kitambaa cheusi.

Nikamsalimia, nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema kuna mkutano wa wakulima wa kahawa, wamekuja watu wa chama. Niliangalia njiani. Walikuwa wanapita kina mama na mikungu ya ndizi kichwani, wawili wawili, polepole, hawaongei. Hakuna anayekwenda kwenye mkutano wa kahawa na mkungu wa ndizi. Wote walipokaribia nyumba yetu walitazama chini. Mmoja, ambaye siku zote hupiga makelele ya salamu tangu akiwa mbali, alipita kama hanijui.

Dada akaniwekea uji mezani, akanihesabia vidonge, akasimama juu yangu mpaka nilipovimeza, akaenda.

Nimewahi kukaa siku nzima ndani ya kontena pale Nyakanazi, mvua ilipotuzuia na mlango ukagoma. Nilikuwa na hewa na mwanga kwenye tundu. Ilikuwa nafuu kuliko asubuhi ile. Nilianza kuwahesabu walio hai. Nani amekufa? Mama wa kona alikuwa na kikohozi. Mtoto wa fundi cherehani alikuwa hospitali. Katekista ni mzee. Kila jina nililolitaja nilimuua, nikamlilia kidogo, halafu nikamfufua nikahamia kwa mwingine. Nilimzunguka yule mmoja. Sikulitaja jina lake kwa sababu yeye yuko Mwanza, anaendelea vizuri. Na kila nilipolizunguka mwili ulijua. Mikono ikawa baridi mpaka kwenye viwiko. Ulimi ukakauka. Nilisikia damu masikioni, shuu, shuu, kama mtu anapiga pampu ya baiskeli nyuma ya kichwa changu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sijainua hata kikombe, na nilikuwa natweta.

Nilifikiri nimtafute mtu wa kumwuliza. Nikapekua kichwani, nikagundua kwamba mtu pekee ambaye angeniambia ni yeye.

Hapo nikajua.

Lakini kujua peke yako, bila kuambiwa, si kujua kamili. Huwezi kulia. Ukilia umemuua wewe. Nikabaki hivyo, nusu nimejua. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kama ni yeye, nimzike. Nimeshakosa maziko mengi maishani mwangu kwa sababu ya barabara, na kila moja watu walinisamehe wakisema yule ni mtu wa safari. Safari hii nilikuwa nyumba ya pili. Kama wangemfukia ng'ambo ya migomba ile mimi nikiwa nimeketi nakunywa uji usio na sukari, nisingeweza tena kukaa Kihanga, na pa kwenda sikuwa napo.

Jua lilipokaribia utosini dada alirudi. Alikuja kunipa chakula, kisha arudi kwenye mkutano. Alikuwa na vumbi la nyasi kwenye kitenge, nyasi za kukalia msibani. Akapakua ndizi, akanikalisha, akasema anakwenda kukata majani ya kufunikia. Akatoka mlango wa nyuma.

Hakurudi. Nilingoja, kisha nikamfuata. Nilishika ukuta, nikashika mgomba wa kwanza, wa pili. Nikamkuta katikati ya kibanja, amepiga magoti, ameinama mpaka paji la uso limegusa matandazo, na pembe ya kitenge ameisokomeza mdomoni yote. Alikuwa analia bila sauti. Mgongo wake ulikuwa unaruka kama wa mtu anayetapika.

Niliona nafasi ile alipopiga magoti majani yamelala, yamekauka. Haikuwa mara ya kwanza kuja pale.

Aliponiona alitoa kitambaa mdomoni, akajifuta haraka, akawa mkali. "Nani amekwambia utoke? Jua kali hili. Rudi ndani."

"Dada, ni nani?"

"Hakuna mtu. Nina jino linauma."

"Ni nani?"

Alitazama pembeni. Nilimwona anatafuta uongo mwingine, na umekwisha.

"Ni shemeji yako," akasema.

Mwaka mzima alikuwa amelikataa neno hilo kwa mwiko na kwa ufagio.

Kisha akanitolea macho. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeangusha sahani, anangoja ifike chini. Mikono ilikuwa mbele, tayari kunidaka. Mimi nikaketi palepale kwenye matandazo. Moyo ulikimbia, ulikimbia sana, kama ulivyokuwa umekimbia tangu asubuhi, na ukaendelea. Lakini sasa ulikuwa na mahali unakokimbilia. Machozi yakaja. Dada akaniuliza kama naona giza. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mdomo mzito, akanifanya nitabasamu ili aone kama hauendi upande. Nilimtabasamia nikiwa nalia, tukatazamana, na kama marehemu angekuwepo angepata maneno ya wiki nzima.

Akanieleza vyote, amekaa pembeni yangu, mkono wake kwenye kifundo changu cha mkono kana kwamba anaweza kuipima presha hivyo. Alifia Mwanza siku tatu zilizopita. Mashine aliifikia akiwa ameshachoka. Mwili ulifika jana usiku. Ukoo wangu wote ulijua, mpaka Mabira. Walipigiana simu wakakubaliana niambiwe baada ya arobaini, polepole, baada ya kliniki moja au mbili.

"Na wewe ulikuwa unalilia wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha matandazo kwa kidevu.

"Msibani je?"

"Nilie kama nani kule?" akasema. "Mimi ni jirani. Jirani analia kidogo, anasaidia kumenya. Na hapa nyumbani ungenisikia."

Nikaona wakati ule kwamba kufungwa tulifungwa wawili. Mimi nilikuwa nafichwa habari ili neva zangu zisisikie, na yeye alikuwa amekatazwa kupiga kelele, na mlinzi wake nilikuwa mimi, na figo zangu mbili mbovu zilizokuwa zinashika doria nyumba nzima.

Nikamwuliza maziko saa ngapi. Akasema saa nane. Nikamwambia aniletee shati.

"Wataniua wakiniona nakuja na wewe."

"Waambie nimekushinda nguvu."

Aliangalia mikono yangu, akacheka kidogo kwa pua. Kisha akaleta shati, na kiti kidogo, akasema tutapumzika kila nikitaka, na mimi nisibishe. Tukapita ndani ya migomba, njia aliyokuwa anaipita yeye marehemu kila alasiri. Nilipumzika mara kadhaa. Hakuniharakisha, na hakuzungumza mvua.

Tulipotokea uwanjani ukimya ulitangulia mbele yetu. Wanaume walisogea kwenye benchi haraka kupita kawaida. Mmoja wa binamu zangu wa Mabira alinyanyuka akamfuata dada na uso wa hasira, dada akapita pembeni yake kana kwamba ni nguzo. Yeye akaenda kwa wamenyaji ndizi, mbali na nyasi walipokaa wanawake wa ukoo. Mimi nikabaki na wanaume. Niliwaona wananitazama shingoni, mshipa unapodunda.

Baada ya sala na historia ya marehemu, msemaji aliuliza kama kuna rafiki wa kusema neno. Sikuwa nimepanga. Nilisimama. Nilimwona dada kule mbali naye anasimama nusu, kisu mkononi, anataka kuja kunikalisha. Kisha akaketi.

Nilisema tulikuwa tunakwenda kliniki pamoja. Nilisema figo zake zilitangulia zangu, na kwamba alikuwa ananipa habari ambazo watu wengine, kwa kunionea huruma, hawakunipa, na hakuna hata moja iliyoniua. Nikasema, "Tangu siku ya kwanza aliniita shemeji. Nilimwuliza ushemeji umetoka wapi, akasema umo njiani. Mimi naona ulikuwa umeshafika. Sisi ndio tulikuwa hatujaufungulia mlango."

Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachoanza puani. Walikuwa wanajua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, kumbe. Vichwa vikageuka kwenye ndizi. Binti mkubwa wa marehemu akanyanyuka kwenye nyasi, akavuka uwanja bila viatu, akamwondolea dada kisu mkononi, akamshika, akamleta mpaka katikati ya wanawake wa ukoo, akamketisha pembeni yake. Dada alikaa wima kidogo. Kisha akafungua mdomo, na sauti niliyoisikia sikuwahi kuisikia kwake hata alipofiwa na mumewe. Wengine wakaipokea.

Kaburini koleo lilipita mkono kwa mkono. Lilipofika karibu nami mtu alitaka kuniruka, akasema, "Huyu mwacheni." Nikalichukua. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito kwa mvua. Nilitupa kidogo, kile nilichokiweza, nikalipitisha.

Kliniki iliyofuata presha yangu ilikuwa juu, karibu sawa na ilivyokuwa. Daktari alibadilisha kipimo cha vidonge vyeupe. Siwezi kusema maziko yaliniponya, na bado sijapanda lori. Lakini jioni ile ya maziko dada hakurudi nyumbani. Wanawake wa ukoo walimwekea mkeka, akalala msibani pamoja nao, na akabaki huko mpaka walipotawanyika. Nilirudi peke yangu kupitia migomba, taratibu, nikakoka moto, nikapasha zile ndizi zisizo na chumvi, nikavitafuta vidonge vyangu nilipojua anavificha, nikavimeza.